Betri ya Kipaza Sauti

Watu husema uzee humlainisha mtu. Mimi haujanilainisha. Nikikumbuka asubuhi ile kisiwani Chovai, hasira hunirudia mpya kama siku yenyewe, nilipokuwa nimepiga magoti ndani ya boti na spana mkononi, na meneja wa ushirika amesimama mchangani akinitazama kama mwizi.

Ilikuwa miaka ile serikali ya mapinduzi ilipotupatia boti za mashine na kutuambia tuachane na matanga. Kisiwa chetu kilipata moja, nyeupe, yenye injini ya dizeli katikati. Nahodha wake alikuwa mjomba wangu, ndugu wa mama yangu tumbo moja, aliyenilea tangu baba yangu alipofariki. Fundi wake nilikuwa mimi. Nilikuwa nimepelekwa Kismayo miezi sita kusomea mashine, nikarudi na sanduku la spana na cheti ambacho mke wangu alikitundika ukutani juu ya kitanda. Boti ile ndiyo iliyopeleka samaki wa kisiwa kizima kiwandani, na ndiyo iliyopeleka wagonjwa hospitali. Hatukuwa na nyingine.

Meneja alikaa Kismayo. Mafuta yalitoka kwake, vipuri vilitoka kwake, hata boliti moja ilihitaji sahihi yake. Wiki tatu kabla ya siku ninayoisimulia, tulipokuwa tumetia nanga bandarini huko, aliagiza betri ya boti ipelekwe kuchajiwa. Betri ile ilikuwa mpya. Nilikuwa nimeifunga mwenyewe, na kama nilivyofundishwa, nilichonga ubavuni mwake mistari mitatu kwa msumari ili nikumbuke ni mwezi gani nimeifunga. Iliyorudi ilikuwa imepakwa rangi nyeusi ikang'aa, lakini mistari haikuwepo. Niliipapasa kila upande. Nikaenda ofisini kwake nikamwambia hii siyo betri yetu.

Hakuinua uso kwenye karatasi zake. "Jaalle," aliniambia kwa Kisomali, "betri ni betri."

Jaalle ndilo neno tuliloamriwa kuitana wakati ule, maana yake mwenzangu katika mapinduzi. Kwake lilikuwa namna ya kumwambia mtu atoke.

Nikatoka. Hilo nalo najilaumu. Nilitoka, nikaifunga ile betri iliyopakwa rangi, na kwa wiki tatu nikaibembeleza. Ilishika chaji mchana injini ikizunguka, na ikilala usiku mmoja tu, asubuhi ilikuwa imechoka.

Siku ya kabla ya tukio, meneja alitaka kuja Chovai na wageni wawili wa serikali kufanya mkutano. Injini iliwaka mara ya tatu pale Kismayo. Tulisafiri salama, tukafika alasiri maji yakiwa yametoka, boti ikabidi isimame mbali kidogo na ufuko. Wageni walikuwa wamevaa viatu vya ngozi na hawakutaka kulowa. Basi vijana wakawabeba mgongoni, na mjomba wangu, nahodha, mtu wa miaka hamsini na ushei, akashuka majini na masanduku yao kichwani. Alipiga hatua nne au tano. Kisha akapiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwake, masanduku yakaanguka. Alikuwa amemkanyaga taa, yule samaki mpana anayejifukia mchangani, na mwiba wa mkia ulikuwa umemwingia kwenye shavu la mguu na kuvunjikia ndani.

Meneja alipaza sauti pia. "Masanduku! Yaokoeni masanduku!"

Tulimpeleka mjomba nyumbani. Wazee wakamkanda kwa maji ya moto, wakautoa mwiba vipande vipande, akanyamaza. Tulidhani yamekwisha. Meneja akaniita, akaniambia nijaze tangi kutoka kwenye pipa la dizeli alilokuja nalo, kwa sababu yeye na wageni wake wangeondoka asubuhi na mapema. Nikajaza. Sikulichunguza pipa. Kichwa changu kilikuwa kwa mjomba, na nilitia mafuta kama mtu anayemwagilia bustani ya jirani.

Baada ya Magharibi kukawa na mkutano. Walikuja na kipaza sauti, wakakitundika juu ya stoo ya ushirika, na meneja akahutubia kwa saa nzima na zaidi juu ya uaminifu na kulinda mali ya umma. Sauti yake ilifika hadi chumbani alikolala mjomba. Mkewe alifunga dirisha.

Alfajiri mke wa mjomba alinigongea mlango. Sikumtambua sauti.

"Mguu umekuwa mweusi," alisema. "Umevimba mpaka pajani, na anasema maneno hayaeleweki. Nataka tumtie kwenye mashua ya tanga sasa hivi. Nimeshamwambia mwenye mashua, yuko tayari."

Na mimi nikamjibu kwa kujiamini, kwa sababu ya kile cheti ukutani. "Upepo unatoka Kismayo. Kwa tanga mtapigana nao mchana kutwa na usiku wake. Kwa mashine ni mwendo wa saa tano tu. Nipe nusu saa niiwashe."

Alinitazama, akakubali. Yule mwenye mashua akarudi kulala.

Niliingia kwenye boti, nikafungua valvu ya mafuta, nikageuza swichi. Balbu ndogo ya kwenye ubao iliwaka. Nikabonyeza kitufe cha stata, mota inayoizungusha injini mpaka iwake. Kikasikika kishindo kimoja kidogo, tik, na balbu ikazimika. Nikaachia, ikawaka tena kwa unyonge. Nikabonyeza tena. Tik.

Hapo fundi huwa na mambo mawili ya kuangalia kwanza: ama betri haina nguvu, ama nguvu ipo lakini haipiti. Niliomba iwe hilo la pili. Nikafungua vichwa vya waya kwenye betri, nikakuta ungaunga mweupe umeota juu yake, na moyo ukapata tumaini. Nikavikwangua kwa kisu mpaka madini ya risasi yakang'aa, nikavikaza, nikaufuata waya mnene mpaka kwenye stata na kukaza nati ya huko pia. Nikafuata na waya wa hasi mpaka pale unapofungwa kwenye bodi ya injini, nikaukwangua. Nikabonyeza. Tik.

Nikafungua vifuniko vya betri, vile vidogo vya juu. Mabamba ya ndani yalikuwa makavu, yameota weupe kama ukurutu. Ile haikuwa betri. Lilikuwa sanduku la takataka lililopakwa rangi. Hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono haikuletwa tangu boti ilipokuja. Tuliiomba mara nyingi, tukaambiwa iko njiani.

Nilipoinua kichwa nilimwona meneja ufukweni na mkoba wake, wageni nyuma yake. Jua lilikuwa limeshatoka. Nusu saa yangu ilikuwa imepita zamani.

"Kuna nini?" aliuliza.

"Betri imekufa. Ile uliyotupatia."

Alitazama wageni wake kwanza, ndipo akanitazama mimi. Sauti yake ikapanda. "Jana boti imetembea kutoka Kismayo mpaka hapa. Leo, siku ambayo viongozi wanataka kuondoka, imekufa. Unajua jina la jambo hilo? Hujuma. Waryaa, wewe, unajua adhabu ya mtu anayepinga mapinduzi?"

Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Neno lile liliweza kumtoa mtu nyumbani kwake asirudi, na kila mmoja alitazama vidole vya miguu yake. Mimi nilisimama na spana mkononi. Miaka yote hii nimeyatunga majibu mengi mazuri. Pale sikupata hata moja.

Aliyejibu alikuwa mke wa mjomba. Alikuja mbio kutoka nyumbani, leso imemteleza kichwani, akaja akasimama kati yangu na meneja.

"Mchu anakufa mle ndani," alisema, na mchu kwetu ni mtu, "na nyinyi mnabishana. Wewe, bwana mkubwa, jana ulipiga kelele na lile pembe lako mpaka usiku. Lilikuwa linakula nini? Halikuwa linakula betri?"

Mimi mwenyewe sikuwa nimelifikiria, na bado naona haya kwamba sikulifikiria.

"Hiyo ni mali ya ofisi," meneja alisema. "Si ya boti."

Sikungoja. Nilikwenda stoo, watu wakanifuata, nikasukuma mlango. Kipaza sauti kilikuwa sakafuni, na pembeni yake betri iliyofungwa kwenye gunia. Nikalivua gunia. Ubavuni palikuwa na mistari yangu mitatu.

Nataka nieleweke. Watu wengi wakisimulia mambo kama haya husema waliona giza, au damu iliwapanda. Mimi niliona sawasawa kabisa. Niliona mistari, niliona wino wa nambari ya ofisi iliyoandikwa juu yake, niliona kwamba hawakujali hata kuifuta alama yangu kwa sababu hawakudhani kuna mtu Chovai angethubutu kutazama. Niliibeba ile betri begani na kumpita meneja mlangoni. Nikamwambia, mbele ya wageni wake na mbele ya kisiwa kizima, "Mwizi ni wewe."

Hakunigusa. Alitoa daftari dogo mfukoni, akaandika.

Niliifunga betri. Nikabonyeza, na injini ikazunguka kwa nguvu, watu ufukweni wakashangilia. Ilizunguka, ikazunguka, lakini haikuwaka. Hata moshi haukutoka kwenye bomba. Injini ya dizeli ikizunguka bila kutoa moshi wowote, basi mafuta hayafiki. Nikaacha kubonyeza ili nisiimalize na ile betri nzuri.

Nikashuka chini kwenye filta ya kuchujia mafuta. Ilikuwa na kikombe cha kioo. Nilipokifuta kwa kidole niliona mstari katikati: juu kidogo dizeli, chini yake maji, na chini ya maji tope la rangi ya kutu. Nilifungua kikombe, nikakimwaga, nikakirudisha, nikapiga pampu ndogo ya mkono. Kikajaa maji tena. Nikamwaga. Kikajaa maji. Ndipo nikajua kwamba tangi zima nililolijaza jana lilikuwa na maji chini, na kwamba nililijaza kwa mikono yangu.

Nani alitia maji kwenye pipa lile sikuwahi kujua. Najua tu kwamba dizeli iliuzwa kwa magendo mjini, kwamba pipa lililopunguzwa lazima lijazwe na kitu, na kwamba funguo za stoo ya Kismayo zilining'inia kwenye mkanda wa mtu mmoja.

Nilifungua plagi ya chini ya tangi, nikayaacha yote yamwagike kwenye ndoo na madebe ambayo wanawake waliniletea. Pipa lenyewe tulilikuta stoo, bado lina mafuta zaidi ya nusu, tukalisimamisha juu ya mawe bila kulitikisa. Dizeli huelea juu ya maji, lakini inahitaji muda kujitenga, na muda ndio hasa sikuwa nao. Nililazimika kukaa. Hakuna kitu kigumu kama kukaa. Kila mara mtu alitoka nyumbani kwa mjomba na kuja kusimama karibu yangu, na mimi nikasema, "Bado kidogo." Meneja alikuwa amekaa kivulini akinywa chai.

Mwishowe nikatia bomba la mpira kwenye pipa, nikaushika usizame zaidi ya shibri moja, nikavuta kwa mdomo. Dizeli ikanijaa kinywani, nikaitema. Mke wa mjomba alivua leso yake ya pili akaikunja mara nne juu ya faneli, tukachuja. Tulipata madebe mawili, mazuri, rangi yake safi.

Kisha ikabaki kutoa hewa. Mafuta yakikatika kwenye mabomba, hewa huingia, na pampu haiwezi kusukuma hewa. Nililegeza skrubu ya juu ya filta, nikapiga pampu kwa kidole gumba mpaka povu likatoka, kisha mafuta matupu, nikakaza. Nikaenda kwenye pampu kubwa, nikalegeza, nikapiga, maji, povu, mafuta, nikakaza. Gumba lilichubuka likaanza kutoa damu. Nikalegeza nati za mabomba kwenye nozeli zote mbili, zile zinazorushia mafuta ndani ya injini, nikamwambia kijana aliyekuwa karibu abonyeze stata kidogo tu. Mafuta yakaruka, yakanipiga usoni. Nikakaza moja, nikakaza ya pili.

"Bonyeza."

Ilikohoa moshi mweupe. Ikakohoa tena, ikashika pigo moja, ikashika la pili, ikaunguruma. Hakuna aliyeshangilia safari hii. Walikuwa wameshambeba mjomba pamoja na kitanda chake, wanaingia naye majini. Ilikuwa karibu saa tano asubuhi.

Meneja na wageni wake walipanda pia. Walikaa mbele, kwenye hewa safi. Mjomba tulimlaza nyuma karibu yangu, mkewe amemshika kichwa, na harufu ya mguu wake nilikuwa nayo pamoja na ya dizeli saa zote tano. Wakati mmoja alifungua macho akauliza nani ameshika usukani. Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Usiupite ule mwamba karibu." Kisha akapotea tena.

Pale bandarini Kismayo wachukuzi walimpakia mjomba kwenye gari la kubebea samaki, mkewe akapanda pamoja naye. Nilikuwa nimetia mguu mmoja juu ya gari nilipovutwa shati kwa nyuma. Walikuwa polisi wawili, na meneja akiwa amesimama kando yao na daftari lake.

Nilikaa ndani siku tisa. Hakuna aliyenipiga, nisiseme uongo. Hakuna aliyeniuliza lolote juu ya betri wala pipa pia. Aliyeniandikia maelezo aliniuliza kama nimewahi kumwita kiongozi mwizi, nikasema ndiyo, akaandika, akafunga kitabu. Siku ya kumi waliniambia niende.

Nilikwenda hospitali moja kwa moja, na nguo zangu bado zina dizeli. Mjomba alikuwa amekaa kitandani. Shuka ilikuwa imelala tambarare pale mguu wa kushoto ulipopaswa kuwa, chini ya goti. Mkewe alikuwa kwenye mkeka akimenya chungwa, hakuniangalia.

"Wamekuachia," mjomba alisema.

"Wameniachia."

"Umemshukuru Mungu?"

Nilitaka kumwambia kwamba daktari aliniambia nje, bila kuulizwa, kuwa wangempata asubuhi ile pengine wangekata kidogo, pengine wasingekata. Nilitaka kumwambia nitakwenda kumngoja meneja mlangoni kwake. Nadhani aliyasoma yote usoni mwangu, kwa sababu alinyoosha mkono akanishika mkono.

"Sikiliza, mwanangu. Meneja amesema boti itapelekwa kisiwa cha Koyama. Amesema watu wa Chovai hawana nidhamu. Utakwenda ofisini kwake umwombe radhi."

"Mimi?"

"Wewe ndiye uliyemtukana."

"Mjomba, amekukata mguu!"

"Amekata mguu wangu, si wako. Na mimi ndiye ninayekutuma." Akaniachia mkono. "Nenda kabla ya Adhuhuri. Baadaye huwa hayupo."

Nikaenda. Nilisimama mbele ya meza yake nikaomba radhi, kwa Kisomali kizuri, kama nilivyofunzwa shuleni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu, akasimama, akanipa mkono, na mimi nikaupokea.

"Yameisha, jaalle," alisema. "Sisi si watu wa kinyongo."

Boti ilibaki Chovai. Nilitengeneza injini yake miaka mingine minne, na kila pipa lililofika nililichovya kijiti kabla ya kulipokea. Meneja alipandishwa cheo akahamia mji mkubwa. Unahodha alipewa mtu mwingine, mwema tu, na mjomba akawa mtu wa kushona nyavu kibarazani, mguu mmoja ameunyoosha mbele. Mkewe ilimchukua karibu mwaka kuniita tena kwa jina langu, na sikumlaumu; nusu saa niliyomwomba ilikuwa imekula asubuhi nzima.

Siku moja nilimuuliza mjomba kama hata mara moja alimchukia mtu yule. Aliendelea kushona mpaka akamaliza tundu alilokuwa nalo, akakata uzi kwa meno.

"Kila siku," alisema. "Lakini watu walihitaji boti."

Akaniomba nimsogezee mpira wa uzi. Nikamsogezea.